Kwa nini hatuelewani kuhusu Stephen King

Ukitaka kuona wasomaji wa riwaya za kutisha wanagombana, taja Stephen King tu, inatosha. Mmoja atakwambia hakuna mwandishi aliyewahi kumnyima usingizi kama huyu mzee, mwingine atakwambia alivumilia kurasa elfu moja alaf mwisho wake ukamkera mpaka leo, wa tatu atasema vitabu vilikuwa vile vya zamani, hivi vya sasa ni wapelelezi na polisi tu. Na wote watatu wamemsoma kweli, sio watu wa kusikia. Hilo ndo linalonivutia kwenye hii mada, maana kwa waandishi wengi wenye jina kubwa mabishano ni kati ya waliosoma na wasiosoma, lakini kwa King wanaobishana ni watu wenye vitabu vyake ishirini kila mmoja kwenye shelfu.

Mi nampenda, niliseme hilo mapema. Ila nimeyafikiria sana haya malalamiko na naona kuna kitu tunakipita kila tukibishana. Wanaomsifu na wanaomponda wanaongelea kitu kimoja. Ile tabia yake ya uandishi inayofanya watu wake wawe hai mpaka unawawaza ukiwa umeshafunga kitabu, ndo hiyohiyo inayomharibia miisho. Nitaeleza, na nitataja miisho ya vitabu kadhaa, kwa hiyo kama unaogopa spoila pita kwa tahadhari.

Shutuma ya kwanza huwa ni kwamba anaandika mno. Na ni kweli anaandika, riwaya yake ya kwanza, Carrie, ilitoka 1974 na mpaka sasa ana riwaya zaidi ya 60 na hadithi fupi kama 200, nakala zilizouzwa duniani zinatajwa kuwa zaidi ya milioni 350, na kwenye On Writing, kitabu chake cha mwaka 2000 kuhusu kazi yenyewe ya kuandika, anasema shabaha yake ni maneno 2000 kwa siku. Basi watu wanazichukua hizo namba wanasema ndo maana vingine vibovu, angepunguza kasi angeandika vizuri. Hiyo siikubali. Angalia kipindi kile, The Shining 1977, The Stand 1978, The Dead Zone 1979, Pet Sematary 1983, na hapo katikati kuna vingine sijavitaja, na juu ya hivyo vyote alikuwa anatoa vitabu vingine kwa jina la Richard Bachman kwa sababu enzi zile wachapishaji hawakupenda mtu mmoja atoe zaidi ya kitabu kimoja kwa mwaka. Hiyo ndo miaka aliyokuwa anakimbia kwelikweli na ndo miaka ambayo hata wanaomponda wanaiheshimu. Kasi sio tatizo lake.

Habari ya Bachman tuikalie kidogo maana inatuhusu sisi wasomaji kuliko inavyomhusu yeye. Vitabu vitano vilitoka kwa jina hilo, kuanzia Rage 1977 mpaka Thinner 1984, mpaka 1985 karani mmoja wa duka la vitabu kule Washington alipotilia shaka ule uandishi, akaenda kuchimbua kumbukumbu za hakimiliki, akakuta jina la King. Thinner ilikuwa imeuza nakala 28,000. Siri ilipotoka ikauza mara kumi ya hapo, kitabu kilekile, hakijaongezwa neno wala kupunguzwa. Kwa hiyo mtu akiniambia King anauza kwa jina namwelewa, na mtu akiniambia King anapondwa kwa sababu ya jina namwelewa pia, maana jina lile linamletea mnunuzi na linamletea msomaji aliyeshakunja uso kabla hajafika ukurasa wa kwanza.

Sasa tuje kwenye lenyewe. King kwa kawaida hapangi hadithi. Kasema mwenyewe waziwazi, anaanza na hali fulani, watu wamebanwa mahali, alaf anaandika ili aone watajinasua vipi, na mara nyingi mwisho haujui. Mfano mzuri kuliko yote ni Misery ya 1987. Ilimjia ndotoni akiwa kwenye ndege kwenda London, mwandishi kaumia na yuko mikononi mwa shabiki wake kichaa, na mawazo ya kwanza yalikuwa ni riwaya fupi tu, mwandishi anauawa, nguruwe anamla, na ngozi ya huyo mwandishi inajalidi kile kitabu alicholazimishwa kuandika. Basi. Lakini alipoanza kumwandika Paul Sheldon, yule mwandishi wa ndani ya hadithi, jamaa akawa mbishi na mjanja kuliko King alivyotegemea, akakataa kufa kirahisi, na kile tulichokipata ni moja ya riwaya zilizobana kuliko zote alizoandika, watu wawili ndani ya nyumba moja, hakuna zimwi, hakuna mzimu, na unasoma huku umeyauma meno. Angefuata mpango wake wa kwanza tungekuwa na hadithi ya kuchukiza yenye mwisho wa kushtua, na leo labda hamna mtu angeikumbuka.

Tabia hiyohiyo imemfikisha pabaya kwenye The Stand. Mafua yameua karibu dunia nzima, wachache waliobaki wamekusanyika Boulder, Colorado, wameanza tena vikao na kamati, na baada ya kurasa mia tano na zaidi King akakwama kabisa. Anasimulia kwamba alikuwa anatembea kwa miguu wiki kwa wiki akitafuta njia, mpaka likamjia wazo la bomu kabatini litakalowaondoa baadhi ya wahusika wake wakubwa. Na ukisoma unaliona, unafika pale hadithi inashtuka inaanza kukimbia tena. Alaf mwisho kabisa, kule Las Vegas kwenye makao ya adui, kinashuka kitu kama mkono wa Mungu kinalipua bomu la nyuklia, na hapo ndo wasomaji wanagawanyika. Wapo wanaosema ni hadithi ya imani tangu mwanzo kwa hiyo mkono ule ni haki yake. Wapo wengine, na mimi nimo, tunaona wale watu waliovuka milima kwa miguu kwenda kumkabili adui walifika wakakosa cha kufanya, wakawa mashahidi wa kitu ambacho kingetokea hata wasingekuja.

Mtu akifika hapa anasema basi si apange tu. Alijaribu! Insomnia ya 1994 na Rose Madder ya 1995 anazitaja mwenyewe kwamba alizipanga, na anakiri zilitoka ngumu, zinajilazimisha. Ukizisoma unamwelewa, watu wanakwenda pale wanapotakiwa kwenda na unausikia mkono wa mwandishi unawasukuma mgongoni. Cha peke yake alichokipanga na bado anakipenda ni The Dead Zone, na hapo nakubaliana naye kabisa. Kwa hiyo dawa ya kupanga haimkubali, imemsaidia mara moja.

Mi nimekuja kuona tofauti iko sehemu nyingine kabisa. Jiulize hofu ya kile kitabu inakaa wapi. Ikiwa inakaa ndani ya mtu, mwisho unakuja wenyewe, kwa sababu mtu akishaeleweka unajua hatua yake ya mwisho itakuwa ipi hata kama unaomba asiichukue. Ikiwa inakaa nje, kwenye kitu, basi King analazimika siku moja atuonyeshe kile kitu, na kikishaonyeshwa kinapungua. Ona It ya 1986. Kurasa zaidi ya elfu moja, na ule utoto wa wale watoto saba wa mji wa Derry ni kati ya mambo mazuri kuliko yote yaliyoandikwa kuhusu kuwa mtoto, uoga wao, utani wao, jinsi watu wazima wanavyotazama pembeni. Klauni anayewawinda anatisha kwa sababu hujui ni nini. Alaf tunashushwa chini ya mji tunaonyeshwa buibui mkubwa, na kuna kobe wa ulimwengu, na mambo ya nje ya nyota, na mtu aliyekuwa anatetemeka kwenye ukurasa wa mia mbili sasa anafungua kurasa ili amalize. Under the Dome ya 2009 ni hivyohivyo, mji mzima umefunikwa na kuba, wanasiasa wadogo wa pale wanageuka madikteta ndani ya siku chache, unasoma unasema huyu mzee anaujua uovu wa watu, kisha inabidi kuba lielezwe, na maelezo ni viumbe watoto kutoka sayari nyingine wanacheza. Watu walikasirika na walikuwa na haki yao.

Sasa weka hivyo karibu na Pet Sematary. Louis Creed ni daktari, kahamia Maine na mke, watoto wawili na paka, nyumba yao iko kando ya barabara ya malori. Nyuma ya nyumba kuna makaburi ya wanyama, na nyuma ya hayo kuna mahali pengine ambapo ukizika kitu kinarudi, ila hakirudi kama kilivyokuwa. Paka anakufa, anazikwa kule, anarudi, ananuka udongo na ana macho mabaya. Hapo kila msomaji tayari anajua kinachokuja, kwa sababu kuna mtoto mdogo na kuna barabara. Na King anakipa muda, anakuonyesha yule baba akirusha tiara na mtoto wake, anakufanya uipende ile familia kwa mambo madogo madogo ambayo wanaomponda wanayaita kurefusha, na Gage, yule mtoto, anapokufa huna tena swali kwamba Louis atafanya nini, una swali moja tu kwamba je wewe usingefanya? Anafanya. Inakuwa vibaya. Na baada ya kuona ilivyokuwa vibaya anafanya tena, kwa mke wake, akijiambia safari hii amewahi. Huo mwisho hauna maelezo yoyote ya kile kilichoko kule msituni na hakuna anayeyahitaji, kwa sababu cha kutisha ni baba asiyeweza kukubali. King alikuwa anaishi Orrington karibu na barabara ya namna hiyo, paka wa binti yake aligongwa, na alipomaliza kukiandika kitabu aliona amevuka mpaka akakifungia, kikaja kutoka kwa sababu alikuwa anadaiwa kitabu na mchapishaji wake wa zamani. Mi naona ndo kitabu chake bora na naelewa kabisa mtu akisema hatakisoma tena maisha yake yote.

Hata ule ugomvi wake maarufu na muvi ya The Shining ya 1980 unauelewa ukiutazama hivi. Watu wanamshangaa, muvi inasifiwa dunia nzima na yeye haipendi, wanasema wivu. Lakini Jack Torrance wa kitabuni ni mtu anayempenda mtoto wake na anapigana na pombe, na hoteli inamla taratibu kupitia pale alipo dhaifu, wakati yule wa kwenye muvi ukimtazama dakika kumi za kwanza unaona ameshaharibika. Mwandishi ambaye hofu zake zote nzuri zinatoka ndani ya mtu lazima hilo limuume. Na sio kwamba anagomea kila mabadiliko, hadithi yake The Mist ilipotengenezwa muvi 2007 wakabadilisha mwisho ukawa mchungu kuliko wake, na aliusifu.

Kuna lalamiko moja ambalo mashabiki wengi hawapendi kulisikia na mi naona lisemwe. Watu weusi kwenye vitabu vyake vya zamani. Dick Hallorann kwenye The Shining, Mama Abagail kwenye The Stand, John Coffey, mfungwa aliyehukumiwa kifo kwenye The Green Mile ya 1996, wote ni wema kupita kiasi, wote wana kipawa cha ajabu, na wote wapo ili weupe wapone au waokoke. Coffey ananiumiza zaidi kwa sababu nalia kila nikifika mwisho, na nikishafuta machozi najiuliza kwa nini huyu mtu mkubwa namna hii hapewi hata historia ya alikotoka. Anaponya watu alaf anakufa, na kitabu kinamuomboleza mlinzi aliyemuua. Wapo wanaosema hadithi imewekwa Louisiana mwaka 1932 na inaonyesha dhuluma ilivyokuwa, na ni kweli inaonyesha, ila kuonyesha dhuluma sio sawa na kumpa mtu nafsi. Kwa mwandishi ambaye uwezo wake mkubwa ni kumpa nafsi hata mlevi wa kijijini anayetokea kurasa mbili na kufa, hapo alipungukiwa, na nasema hivyo kwa sababu namthamini.

Upande wa wasomi sitakaa sana. Mwaka 2003 alipewa medali ya heshima ya National Book Foundation kwa mchango wake kwa fasihi ya Marekani na Harold Bloom, mhakiki mkubwa wa chuo kikuu cha Yale, akatoka hadharani kusema ni aibu. Bloom alikuwa anapima sentensi moja moja, na kwa kipimo hicho King kuna mahali anaanguka, kuna mizaha mibaya, kuna majina ya bidhaa kila ukurasa. Lakini King hapimwi kwenye sentensi, anapimwa kwenye ukurasa wa mia nne pale unapogundua unamwogopea mtu ambaye hayupo. Mwenyewe anasimulia kuhusu mama mmoja aliyekutana naye dukani akamwambia hapendi vitabu vyake vya kutisha, anapenda vitu vya kutia moyo kama ile muvi ya Shawshank Redemption. King akamwambia hadithi yake niliandika mimi. Mama akamwambia hapana, hukuandika wewe.

Na hivi vya karibuni? Hapa ndo ugomvi uko moto sasa. Tangu Mr. Mercedes ya 2014 amehamia sana kwenye upelelezi, na mpelelezi Holly Gibney, ambaye King anasema alikuwa awe mhusika mdogo wa kupita tu, amekuja kuwa na vitabu vyake mwenyewe, The Outsider 2018, Holly 2023, Never Flinch 2025. Kuna wasomaji wamemchoka kabisa. Mi nawaelewa nusu. Holly mwenyewe nampenda, ni mtu mwoga anayejilazimisha kuingia kwenye mlango anaouogopa, na alivyoota bila kupandwa ni ushahidi mwingine wa ile tabia ya kuwaachia watu waende. Kinachonisumbua ni kwamba riwaya ya upelelezi inadai mpango, inadai mwandishi ajue nani kafanya nini saa ngapi, na humo ndo yeye ni dhaifu, kwa hiyo unakuta watu wazuri ndani ya fumbo legelege. The Outsider inaonyesha vizuri, nusu ya kwanza mtu anayeheshimika anakamatwa kwa kuua mtoto, ushahidi wote unasema ni yeye na ushahidi mwingine wote unasema alikuwa mji mwingine, na ni nusu ya kitabu inayotisha kwelikweli. Nusu ya pili tunaonyeshwa kitu chenyewe, ndani ya pango.

Halafu kuna 11/22/63 ya 2011, ambayo nikiwa nabishana na mtu anayesema King hajui kumaliza ndo ninayoitoa. Mwalimu anarudi miaka ya nyuma kuzuia kuuawa kwa Rais Kennedy, na njiani anapenda mtu. Hofu yote iko ndani yake, kwamba itabidi achague. Mwisho wake ni mzuri kiasi kwamba hata wasiompenda wanaukubali, na King anasema kwenye maelezo ya mwisho wa kitabu kwamba mwanawe Joe Hill, naye ni mwandishi, ndo aliyemtolea ule mwisho bora kuliko aliokuwa nao. Natamani angekuwa anawapa watu wake miswada mapema na kuwauliza hivyo kwa kila kitabu.

Mtu akiniuliza aanzie wapi simpi It wala The Stand, na ule mfululizo mrefu wa The Dark Tower ndo kabisa asiuguse kwanza. Nampa Different Seasons ya 1982, riwaya fupi nne, mizuka karibu hamna kabisa, na humo ndo kuna ile ya Shawshank na ile ya watoto wanne wanaokwenda kutafuta maiti. Kwenye urefu ule hana nafasi ya kupotea na bado anapata nafasi ya kumjaza mtu. Akimaliza aende Misery, kisha The Shining, na kama ana mtoto mdogo nyumbani Pet Sematary aisubirishe mpaka huyo mtoto akue.